Nisome utawala wa umma, au nibaki mtaani?

"Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 29, naishi Mishomoroni, na kwa miaka saba nimekuwa mhamasishaji wa jamii katika shirika dogo hapa Kisauni, Mombasa. Nina shahada ya sosholojia. Sasa nimepata nafasi ya kusoma uzamili wa utawala wa umma, masomo ya jioni na wikendi kwa miaka miwili. Mkurugenzi wangu anasema bila uzamili sitapanda. Mama anasema nitageuka mtu wa ofisi niwasahau watu. Karo yenyewe inauma. Je, masomo haya yatabadilisha kazi yangu kweli, ama nitakuwa nimenunua karatasi?"

Marahaba, mwanangu. Mkurugenzi wako ana haki yake na mama yako ana yake, na nitafika kwa wote wawili. Lakini nianze na mtaro.

Miaka ya mwanzo ya ugatuzi, serikali za kaunti zilipoanza kazi baada ya 2013, nilikuwa nikifanya kazi kama yako, upande huo huo wa Kisauni. Kulikuwa na mtaa mmoja ulio kwenye kibonde. Masika yakianza, maji yaliingia majumbani hadi magodoro yakaelea. Kila mwezi wa tano tulikusanya wakazi, tukaandika barua, tukapiga picha za watoto wakivuka na viatu mkononi, tukazipeleka ofisini. Tulipokewa vizuri, tukanyweshwa chai, tukaahidiwa. Masika yaliyofuata magodoro yakaelea tena. Kufikia mwaka wa tatu nilikuwa na hakika kwamba kinachotuzuia ni roho mbaya ya wakubwa, na nililisema hilo hadharani, kwa kipaza sauti.

Kisha nikaingia darasa la fedha za umma. Mhadhiri, mzee mkimya asiyetaka hata kuwasha projekta, aliandika ubaoni tarehe nne kutoka Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012. Septemba 1: mpango wa maendeleo wa mwaka uwe umefika bunge la kaunti. Februari 28: waraka wa mkakati wa fedha, ambao ndio unaoiwekea kila idara kikomo chake. Aprili 30: makadirio ya bajeti. Juni 30: bajeti iwe imepitishwa, maana mwaka wa fedha unaanza Julai 1.

Nilihesabu kwa vidole pale pale kwenye kiti. Sisi tulikuwa tunapeleka kilio mwezi wa Mei, wakati makadirio yameshafika bungeni na kila shilingi ina mwenyewe. Kilio cha Mei, ili kiwe mtaro, kilipaswa kuwa kimeandikwa kwenye mpango kabla ya Septemba mosi ya mwaka ule ule, kipenye kikomo cha Februari, kiingie makadirio ya Aprili, ndipo pesa zianze kutajwa Julai inayofuata, na hapo hata zabuni haijatangazwa. Yaani kati ya mafuriko na mtaro kuna masika mengine mazima lazima yapite, hata kama kila mtu katika ile ofisi ana moyo wa dhahabu. Na sisi kila Agosti, mwezi uliokuwa na maana kuliko yote, tulinyamaza, kwa sababu jua limetoka, magodoro yamekauka na watu wamerudi kwenye shughuli zao.

Agosti iliyofuata hatukuandamana. Tulipeleka kurasa mbili: ramani iliyochorwa kwa mkono, idadi ya nyumba, urefu wa mtaro kwa mita, na jina la mradi likiandikwa kwa maneno yale yale yaliyomo katika mpango wa miaka mitano wa kaunti, ili karani asipate taabu ya kutafuta pa kuuweka. Mtaro ulichimbwa. Si wote, nusu.

Nusu iliyobaki ilikuwa kando ya barabara kuu ya kwenda Malindi, na hapo nikapata somo la pili. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linagawa kazi kati ya serikali mbili. Maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa ni kazi ya kaunti, lakini barabara kuu za kitaifa ni za serikali ya kitaifa, na ile ya Malindi iko chini ya KeNHA, mamlaka ya taifa ya barabara kuu. Miaka yote tulikuwa tukimlilia mtu asiye na jembe. Ni vivyo hivyo na mambo mengine unayokutana nayo kila siku: chekechea ni ya kaunti ilhali shule ya msingi ni ya kitaifa, Hospitali ya Rufaa ya Pwani ni ya kaunti ilhali kituo cha polisi kilicho karibu nayo ni cha kitaifa. Mwananchi hana wajibu wa kuyajua haya. Wewe unayelipwa kumsemea unao.

Basi ukiniuliza masomo yanabadilisha nini, nitakwambia yanabadilisha saa ya kupiga kelele na mlango wa kuupigia. Watu wengi huingia wakidhani watafundishwa uongozi, na kweli kuna darasa lenye jina hilo. Mimi silikumbuki. Ninachokumbuka ni bajeti, ununuzi wa umma, na sheria za utawala, madarasa ambayo wenzangu waliyaona makavu.

Liko jingine lililonigeuza, nalo lilikuwa la uchungu kidogo. Unajua vikao vya maoni ya umma. Kipo kimoja nilichowahi kualikwa, sitaitaja ofisi iliyokiandaa. Tangazo lilitoka gazetini, kwa Kiingereza, siku chache kabla. Ukumbi ulikuwa mjini, mbali na watu wanaohusika. Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa, saa sita unusu mchana. Katika Mombasa hii! Wanaume wako msikitini, wanawake wako jikoni, na ukumbini tulikuwa sisi wa mashirika tunaojuana, tukatia sahihi kwenye daftari la waliohudhuria. Daftari lile ndilo lililokuja kuwa ushahidi kwamba umma ulishirikishwa.

Nilikuwa nimelihisi kosa hilo siku zote bila kuwa na jina lake. Darasani nikakuta kwamba Mmarekani mmoja, Sherry Arnstein, aliandika mwaka 1969 juu ya ngazi ya ushiriki wa raia yenye vidato vinane. Chini kabisa wananchi wanachezewa tu. Katikati wanaarifiwa, wanasikilizwa, wanatulizwa, lakini uamuzi hauguswi. Ni vidato vya juu tu ambako wanashika mpini kweli. Nikaanza kuulizia kila kikao: hiki ni kidato cha ngapi? Na huku kwetu jambo hili si la vitabu tu. Kifungu cha 10 cha Katiba kinautaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya kitaifa, na Mahakama ya Juu, katika kesi ya kanuni za tumbaku iliyoamuliwa 2019, ilisema ushiriki huo lazima uwe wa kweli, usiwe wa kutimiza desturi. Ukiyaweka mambo hayo katika barua ya ukurasa mmoja, kikao cha Ijumaa saa sita unusu huhamishwa hadi Jumamosi saa tatu asubuhi, shuleni, mtaani. Nimeona kwa macho yangu.

Hapo naomba niongeze Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ingawa hukuniuliza. Ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu ombi lako. Hii huhitaji uzamili kuitumia, anza hata wiki ijayo. Omba nakala ya mkataba wa mradi mmoja tu wa mtaani kwako uone mazungumzo yanavyobadilika.

Sasa nikuguse wewe mwenyewe. Mwaka 1980 Michael Lipsky aliandika kuhusu watumishi wanaokutana na raia uso kwa uso: karani wa dirishani, nesi, askari, mwalimu. Hoja yake ni kwamba sera haiishii bungeni, inakamilishwa na watu hawa, kwa sababu wana kazi nyingi kuliko muda, na namna wanavyochagua nani ahudumiwe leo na nani arudi kesho ndiyo sera mwananchi anayoijua. Niliposoma hilo nilimfikiria chifu. Nikamfikiria yule mama wa dirisha la pili ambaye faili humpotelea na kupatikana. Usiku nikiwa kivukoni Likoni nangoja feri ndipo nikajifikiria mimi. Shirika likileta magodoro au chakula cha watu ishirini, ni nani aliyekuwa akiandika majina ishirini? Mimi. Kwa kigezo gani? Wale ninaowajua, wanaokuja mikutanoni, wasionisumbua. Yule bibi wa nyuma ya mtaa asiyetoka nje hakuwahi kuwa kwenye orodha yangu hata mara moja.

Huenda wewe ni mwadilifu kuliko nilivyokuwa. Lakini miaka saba ya uhamasishaji ni miaka saba ya kuandika orodha, na masomo haya, yakisomeshwa vizuri, yatakurudisha kwenye orodha zako. Pengine hilo peke yake lina thamani ya nusu ya karo.

Nadharia nyingine nitazipita haraka. Utasoma juu ya Max Weber na urasimu wake, utasoma juu ya mageuzi ya kuiendesha serikali kama biashara, utafanya mtihani, utasahau. Elinor Ostrom usimsahau. Alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, mwanamke wa kwanza kuipata, kwa kuonyesha kwamba jamii zinaweza kutunza mali ya pamoja kama uvuvi, misitu na maji kwa kanuni zao wenyewe, bila kungoja serikali wala kumuuzia tajiri. Nilipomweleza mjomba wangu wa Mtongwe, aliyevua maisha yake yote, alicheka hadi akakohoa, akauliza hiyo zawadi ni kiasi gani na kama wavuvi wamegawiwa. Lakini ukitazama vikundi vya usimamizi wa fukwe vya wavuvi, ama mradi wa mikoko wa Mikoko Pamoja kule Gazi, Kwale, ambao tangu 2013 huuza hati za hewa ya ukaa inayonyonywa na mikoko, na mapato yake kuingia kwenye maji na shule za kijiji, utaelewa kwa nini baadhi ya vikundi hudumu na vingine hufa mwaka mfadhili anapoondoka.

Kuhusu usimamizi na udhibiti, fikiria mtaa wa Owino Uhuru, pale karibu na Mikindani. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi ubavuni mwa nyumba za watu, madini ya risasi yakaingia kwenye damu za watoto. Mwanaharakati Phyllis Omido na wakazi walipambana miaka mingi. Yeye alipewa Tuzo ya Goldman, ya watetezi wa mazingira, mwaka 2015. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaitengua, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha uamuzi ule. Kila mtu anaijua kesi hii kama hadithi ya ujasiri, na ndivyo ilivyo. Ukiisoma kwa jicho la utawala utaona pia msururu wa leseni: nani aliruhusu, nani alipaswa kukagua, nani alipokea malalamiko akayapeleka kwa nani. Mahakama haikumlaumu mwenye kiwanda peke yake, taasisi za serikali nazo zilibebeshwa sehemu ya fidia. Mtu wa jamii anayeweza kuuchora msururu huo mapema, kabla watu hawajaugua, ni mtu adimu sana katika mji huu.

Masomo hayatakufundisha watu. Hayatakufundisha kukaa barazani Kibokoni nusu saa nzima ukiulizwa hali za nyumbani kabla hujafungua mdomo kuhusu mradi. Hayatakufundisha kumtambua mama anayenyamaza kwa sababu mjumbe wa kamati ni shemeji yake. Utakuta wenzako darasani wamefaulu mtihani wa ushirikishaji na hawajawahi kuitisha kikao ambacho watu wamekuja bila nauli. Mkono mtupu haulambwi, wewe unajua, na unajua pia ni lini mtu anaomba nauli kwa sababu kweli hana na lini anaomba kwa mazoea. Huo ujuzi unao tayari. Mtu anayeingia uzamili bila huo hupata maneno tu.

Tuje kwa mkurugenzi wako na kupanda cheo. Hapa niseme wazi, maana wengi wanaumia. Kaunti ya Mombasa ina maeneo bunge sita na wadi 30. Ukitaka kuwa msimamizi wa wadi, nafasi hizo hutangazwa na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti na hushindaniwa, kwa hivyo hesabu mwenyewe viti vilivyopo, halafu hesabu wahitimu. Uzamili utakusaidia usichujwe kwenye karatasi. Hautakupa kiti. Na kama lengo lako ni cheo ndani ya serikali, ujue kwamba Kenya School of Government, chuo cha serikali cha kuwafunza watumishi wa umma, chenye kampasi hapa Mombasa, hutoa kozi fupi za usimamizi na uongozi za wiki chache, na kozi hizo mara nyingi hutajwa waziwazi kwenye masharti ya kupandishwa cheo. Nimewahi kumwona mwenye uzamili mbili akipitwa na mwenye cheti cha wiki sita.

Upande wa mashirika, mkurugenzi wako anasema kweli kwamba waajiri wengi wanataka uzamili kwa nafasi za umeneja. Watakwambia usome usimamizi wa miradi, ndio unaopendwa sana siku hizi. Ni masomo mazuri, sina ugomvi nayo. Lakini hukufundisha kuendesha mradi wa mfadhili, na mradi una mwisho. Mwaka 2025, Marekani ilipoifunga USAID, shirika lake la misaada, nilipokea simu nyingi kwa wiki moja kuliko nilizopokea mwaka mzima uliotangulia. Watu wenye vyeti vizuri, wazoefu, mezani hakuna kitu. Waliopata pa kujishikiza upesi, kwa wale ninaowafahamu, walikuwa wale wanaojua jinsi pesa za kaunti zinavyotembea: wakawasaidia wanavikundi kuomba zile asilimia 30 za zabuni za serikali zinazotengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, wengine wakashauri kamati za bunge la kaunti. Bajeti ya serikali huchelewa, hupunguzwa, huibwa, lakini kila Julai mosi ipo.

Kwa hivyo nasoma swali lako hivi: usiende kwa ajili ya cheo, nenda kama una maswali ambayo mtaa umeshindwa kukujibu. Kama unayo matano, uko tayari. Kama huna hata moja, ngoja mwaka, karo haiozi.

Ukienda, hakikisha kwanza kwamba programu yenyewe, si chuo tu, imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Waulize waliomaliza, usiwaulize waliojiandikisha, na uwaulize jambo moja: tasnifu iliwachukua muda gani? Madarasa hayamshindi mtu. Ni tasnifu wanakokwama, miaka miwili ikawa mitano, karo ikiendelea kuhesabiwa, kwa sababu msimamizi hapatikani ama swali la utafiti ni pana kama bahari. Wewe usitafiti "athari za ugatuzi kwa maendeleo nchini Kenya". Tafiti kwa nini kisima kimoja cha jamii Mishomoroni bado kinatoa maji na kingine cha jirani yake kimekauka mifereji tangu kamati igombane. Utahitaji kibali cha utafiti kutoka NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, kiombe mapema, na usisubiri mwaka wa pili kukusanya data ambayo unapishana nayo kila asubuhi ukipanda matatu.

Mkurugenzi naye umbane. Kama kweli anautaka uzamili wako, akupe jioni mbili za kutoka mapema kwa maandishi, na kama mfuko wa shirika unaruhusu, alipe muhula hata mmoja. Akikataa vyote, utajua ushauri wake ulikuwa wa bei gani.

Na mama. Mama ameona jambo ambalo wewe hujaliona bado. Nilipomaliza, nilirudi kwenye kikao cha mtaa nikasema "wadau" na "utekelezaji" mara sita kwa dakika kumi, na mzee mmoja akamuuliza jirani yake kwa sauti, "Huyu siku hizi ni serikali?" Watu wakacheka, mimi nikacheka nao, lakini ilinichukua karibu mwaka kuaminiwa tena na kuambiwa mambo ya kweli. Lugha ndiyo hubadilika kwanza, kabla ya moyo. Dawa niliyoipata ilikuwa ndogo: kila nilichojifunza jioni nilimweleza mama yangu jikoni kesho yake, kwa Kiswahili cha nyumbani. Ule waraka wa mkakati wa fedha ulinishinda siku tatu. Siku ya nne nikamwambia ni ile karatasi ambayo baba wa nyumba anaamua, kabla ya kwenda sokoni Kongowea, kwamba mwezi huu samaki ni kiasi fulani na karo kiasi fulani. Akaniuliza, "Na mama wa nyumba anaulizwa lini?" Swali hilo niliingia nalo darasani, mhadhiri akalirudia muhula mzima.

Nafasi yako ya masomo bado haijaanza, na Agosti haijafika. Tafuta mpango wa maendeleo wa kaunti wa 2023 hadi 2027, fungua kurasa za wadi yako, ukakae na mama uone ni mangapi kati ya yaliyoandikwa humo anayoyaona akitoka mlangoni. Yale asiyoyaona yaandike pembeni, na niletee orodha hiyo kabla hujalipa karo.